Kutoka Juu ya Mawe: shajara ya kuhama Goma kwenda Idjwi

12 Juni 2021, Goma

Tumerudi Majengo jana jioni, siku ya kumi na tano tangu tuukimbie mlima wa moto, Nyiragongo. Nyumba ipo. Lava ilisimama Buhene, juu kidogo ya mtaa wetu. Ukipanda unaikuta nyeusi, imevimba na kupasukapasuka kama mkate uliozidi moto, na mahali pengine bado inafuka. Bomba limekauka kwa sababu hifadhi ya maji ya Buhene iliharibiwa. Tangu alfajiri watoto wako foleni na bidoni za njano.

Nafungua daftari hili leo kwa sababu mimi na Mama Neema tumekata shauri, na nataka kila hatua iwe na tarehe yake. Tunahama. Tunakwenda Idjwi, kisiwa cha Ziwa Kivu, kwao Mama Neema, upande wa kaskazini, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Bugarula.

Jirani akisikia anasema ni woga wa mlima. Woga upo, sitaukana. Tarehe 17 Januari 2002 nilikuwa na miaka kumi na sita, na nyumba ya baba ilikuwa mtaa wa Mapendo. Lava ilipita katikati ya mji hadi ziwani. Tuliporudi hapakuwa na ukuta wala kizingiti. Baba alihesabu hatua kutoka barabarani, akasimama juu ya jiwe lililokuwa bado la moto, akasema, "Mlango ulikuwa hapa." Tukajenga hapo hapo. Nilipooa nikanunua kiwanja Majengo, nacho ni jiwe.

Ila kilichonifanya niamue si moto. Ni jembe. Tarehe 27 Mei, amri ya kuondoka ilipotoka, tulikwenda kwa miguu mpaka Sake, kisha Minova, kisha boti hadi kwa baba mkwe. Kwa kuwa tulikuwa wengi, alinipa jembe nichimbe shimo jingine la choo. Nilipiga, likazama lote. Nikapiga tena, likazama. Mimi ni seremala wa Goma: choo changu cha Majengo kilichukua wiki tatu kwa mtaimbo na nyundo. Nilichota ule udongo, mwekundu, wenye unyevu, nikaukamua mkononi, nikafungua kiganja: alama za vidole vyangu vyote zilikuwa zimebaki. Shimo la mita mbili tulilimaliza kwa siku mbili, mimi na shemeji. Usiku ule sikulala. Nilikuwa nafikiria kwamba maisha yangu yote udongo nimeununua kwa gunia, ili mama yangu apande lengalenga, yaani mchicha, kwenye karai.

3 Julai, Goma

Kikao cha familia. Mama hahami. Nilijua, lakini nilitaka aseme mwenyewe mbele ya wadogo zangu. "Huu mlima nimeukimbia mwaka 1977, nikaukimbia 2002, nimeukimbia mwaka huu. Mara tatu nimerudi. Mara ya nne utanikuta kitandani kwangu." Hakuna aliyejibu.

Jambo la pili ni zito kuliko hilo. Neema anamaliza darasa la sita, na shule tunayoitaka ya sekondari iko hapa mjini. Atabaki na bibi yake. Ana miaka kumi na miwili. Alikubali haraka mno, kisha akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

24 Julai, Idjwi

Ardhi. Nalieleza hili kwa urefu kwa sababu watu wa mjini wananiambia nimekwenda "porini", kana kwamba kisiwa kiko tupu na mtu anajikatia tu. Kisiwa kimejaa. Kila mteremko una shamba hadi juu, na wana wa baba mkwe wanagawana sehemu ambayo babu yao alilima peke yake. Amani ambayo kisiwa kimekuwa nayo wakati bara linawaka imeleta watu, na watu wanataka kula.

Idjwi ina machifu wawili, Rubenga kaskazini na Ntambuka kusini, na shamba hupatikana kwa mkono wa mwami, yaani chifu, kupitia wakubwa wa kijiji. Huku na kule Bushi, nchi ya Washi, wazee wanaita kalinzi: unatoa kitu, mashahidi wanakunywa, na kuanzia hapo shamba ni lako na la watoto wako. Mimi nimetoa mbuzi na bidoni mbili za kasiksi, pombe ya ndizi, na dola 600 kwa mzee aliyekuwa analima pale, ambaye wanawe wote wako Bukavu. Nimepata hatua thelathini kwa arobaini, kwenye mteremko, juu ya njia.

Niliomba na karatasi. Baadhi ya wazee walinuna. Walihisi siamini midomo yao. Niliwaeleza kwamba midomo hufa, na kwamba nataka jina la Mama Neema liandikwe pamoja na langu, kwa kuwa kama si yeye mimi hapa ni mpita njia. Hilo la pili ndilo lililowatuliza. Karatasi zenyewe zinakwenda upande wa Bukavu, maana Idjwi ni Kivu ya Kusini, ingawa nikisimama kwenye kiwanja changu mlima ninaouona ni ule wa Goma.

9 Agosti

Mizigo imevuka. Boti ya mbao yenye mashine, mwendo wa saa tatu na nusu, ziwa limetulia. Sanduku la vifaa (randa mbili, misumeno mitatu, patasi, timazi ya baba), manjanja (mabati) 28, misumari, magodoro, cherehani. Tangu ajali ile kubwa ya Aprili 2019 upande wa Kalehe, Rais aliagiza kila abiria avae jile ya kuelea. Ya kwangu ilikuwa na kamba moja tu, nyingine imekatika. Nikaifunga kwa kamba ya timazi. Safari zijazo nitanunua zetu wenyewe, nne, ndogo mbili na kubwa mbili. Sitaki kujadili bei ya hiyo.

30 Agosti

Nguzo zimesimama. Mikaratusi, kumi na mbili. Hapa kuna mchwa, kitu ambacho juu ya lava sikuwahi kukiwaza, basi ncha za chini nimezibabua motoni na kuzipaka oili chafu ya mashine ya boti. Mteremko nimeukata wima, kama ukuta wa mita mbili, ili nipate uwanja wa nyumba. Umesimama vizuri sana, umenyooka kama nimeupiga randa.

21 Septemba

Tumeingia. Paa ni mita sita kwa nane. Kila milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita mraba, kwa hiyo mvua ya milimita kumi ingenipa lita 480 kama ningeikinga yote. Kwa sasa nina mfereji wa mbele tu, yaani nusu, na pipa moja la lita 200. Mvua ya kwanza ya maana ililijaza kabla ya kupambazuka. Mwanangu Baraka alilala na sikio ukutani akisikiliza maji yanavyopanda.

19 Oktoba

Kilima kimeshuka.

Mvua ilianza saa nne usiku. Nilikuwa macho, nafurahia pipa. Kwenye saa nane nikasikia sauti si ya radi: kama mtu anaburuta gunia la makaa sakafuni, polepole, nyuma ya nyumba. Kisha misumari. Nimepigilia misumari tangu utotoni lakini sikuwahi kuisikia ikitoka: mmoja, kimya, mwingine, kimya, halafu mitatu kwa pamoja. Niliwasha tochi. Ukuta wa nyuma ulikuwa umejipinda kuingia ndani, na katikati ya mbao na mbao tope lilikuwa linapenya, laini, jekundu, kama ugali unavyopita katikati ya vidole. Mama Neema alishika mtoto mdogo, mimi nikamshika Baraka, tukatoka hadi kwa Mzee Bahati, jirani wa juu, miguu mitupu.

Hakuna aliyeumia. Namshukuru Mungu kwa hilo kwanza, na naliandika kwanza.

Asubuhi nilipima. Maporomoko yana upana wa mita nne. Ukuta umesukumwa shubiri moja na nusu. Nguzo mbili zimelala. Meza yangu ya kazi, niliyoiweka nyuma kwa sababu ya kivuli, siioni kabisa.

Mzee Bahati alikuja na fimbo yake. Hakusema neno. Alichuchumaa mbele ya kile nilichokuwa nakiita ukuta wangu, akasukuma kidole gumba ndani, kikaingia chote. Akakitoa, akakifuta kwenye suruali, akauliza, "Mwanangu, huyu ulimwachia nani amshike?"

Sikuelewa. Akaeleza. Jiwe la Goma likishapoa linajishika lenyewe. Unaweza kulikata wima ukafa ukaliacha limesimama. Udongo haujishiki. Unashikwa na mizizi, unashikwa na umbo la mteremko, na maji yake yanaonyeshwa njia. Mimi nilikuwa nimeung'oa majani, nimeukata wima, halafu nusu ya paa langu isiyo na mfereji ikawa inamwaga lita kwa mamia kila usiku kwenye unyayo wake. Hesabu ile ile ya Septemba niliyoifanya kwa furaha, sikuimalizia. Nusu niliyokinga niliihesabu. Nusu nyingine ilikuwa inachimba.

6 Novemba

Salongo, kazi ya pamoja ya majirani, ya siku tatu. Watu kumi na mmoja, na wengine nilikuwa siwajui majina. Tuliwapikia maharage, viazi vitamu na sambaza, samaki wadogo wa ziwani. Kazi iliyofanyika: ukuta umevunjwa na kuwa ngazi tatu pana, kila ngazi imelazwa kidogo kuelekea kilimani ili maji yasikimbie. Mfereji juu ya ngazi ya kwanza unakwenda pembeni hadi kwenye migomba. Mfereji wa nyuma ya paa umewekwa, na pipa la pili. Kwenye kingo za ngazi tumepanda mabingobingo: vipande vya pingili tatu, mbili chini ya udongo, moja nje, vimelazwa upande, umbali wa mguu mmoja. Mabingobingo hushika haraka, na mbuzi wanayala. Mama mkwe aliyaleta kichwani kutoka kwake, mafungu manne.

Tope lililoingia nyumbani tumelitoa na kulirundika pembeni ya atelie, karakana yangu. Rundo linanifika kifuani.

Nimepiga kigingi na kamba: kila Jumapili baada ya misa napima kutoka nguzo ya nyuma hadi ukingo wa ngazi ya chini. Leo: sentimita 214.

12 Desemba

213. Imesogea moja. Mabingobingo yamechipua.

23 Januari 2022

213. Safi.

Migomba ni habari nyingine. Ugonjwa wa mnyauko uko kisiwani miaka mingi, na sasa uko kwangu. Majani yaliinama kama mwavuli uliovunjika katikati, na mkungu ukaiva kabla ya wakati, ndizi tatu njano kati ya kijani. Nilikata shina karibu na ardhi kuona: baada ya dakika chache matone ya njano, mazito, yakatokeza kwenye jeraha, kama usaha. Mikungu kwa watu wa huku ni chakula, ni kasiksi, ni ada ya shule, kwa hiyo ninaliandika kwa uangalifu kama nilivyofundishwa. Panga likishagusa shina lenye ugonjwa, usiguse nalo jingine kabla ya kulipitisha motoni. Shina lililougua unaliondoa mara moja. Na lile ua la dume linaloning'inia mwisho wa mkungu unalivunja mapema, kwa kijiti chenye panda na si kwa panga, ili nyuki na wadudu wengine wasiulete ugonjwa kupitia kidonda chake.

Nimeondoa mashina matano. Yamebaki tisa.

13 Machi

213.

Watu wananiuliza kuhusu ukimya, maana ndicho nilichokuwa nakitaja Goma nilipochoshwa na jenereta na pikipiki chini ya dirisha. Usiku wa hapa una sauti. Wavuvi wa sambaza wanatoka jioni, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, taa juu ya maji, na wanaimba wakipiga kasia, mmoja anaanza na wengine wanapokea. Sambaza yenyewe ni mgeni kama mimi: ililetwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo huwezi kuwaza Kivu bila hiyo. Nikisikia wimbo unapotea kuelekea kaskazini najua ni saa tatu. Unaporudi ni alfajiri.

Kazi ipo, pesa ni haba. Tangu Januari nimetengeneza milango sita, madawati kumi ya shule na jeneza dogo moja ambalo sikutoza. Milango miwili nililipwa kwa maharage na mananasi. Mjini ningekataa. Hapa nimejifunza kuandika deni bila tarehe, na mpaka sasa hakuna aliyenidhulumu.

Lakini usiku wa tarehe 4 mtoto mdogo alishikwa na homa kali, na hapo nilijua umbali ni nini. Pikipiki haikupatikana. Tulimbeba kwa miguu, Mama Neema mbele na tochi, njia inateleza, saa nzima na zaidi. Malaria. Muuguzi alikuwa macho na dawa zilikuwepo. Zingekosekana, kilichokuwa mbele yetu ni maji, na boti ya asubuhi. Mtu anayetaka kuhama kama mimi naomba apime njia hiyo kwanza, kwa miguu yake, usiku, kabla ya kupima kiwanja.

19 Juni

213.

Bunagana, mji wa mpakani na Uganda, ilichukuliwa na waasi wa M23 Jumatatu tarehe 13. Simu kutoka Goma ni nyingi, bei zimepanda, watu wanafunga mabegi na kuyafungua. Nilimpigia mama, nikamwambia nakuja kuwachukua yeye na Neema. Akasema Neema ana mitihani. Nikamwomba anipe Neema. Neema akasema, "Baba, nikiondoka bibi atachota maji na nani?" Sikuwa na jibu la kumpa. Nilikwenda kwenye atelie nikapiga randa ubao uliokuwa tayari laini.

Jioni Mzee Bahati alikuja kukaa. Tulitazama kaskazini. Kabla ya mlipuko wa mwaka jana anga la pale lilikuwa jekundu kila usiku usio na mawingu, kwa sababu ya ziwa la lava ndani ya kreta. Aliniambia wao wa kisiwani walikuwa wakiutumia mwanga ule kujua kaskazini ni wapi wakiwa majini. Mimi niliishi chini ya mwanga huo huo na kamwe sikufikiri kwamba unamsaidia mtu.

20 Agosti, Goma

Nimevuka jana na mizigo ya watu wawili: mihogo, mananasi, mlango wa choo cha mama, na magunia mawili ya udongo.

Mama hakuwa ameomba. Ila Mei alinitajia kwa simu kwamba bei ya gunia la udongo imepanda na kwamba lile alilonunua lina changarawe nusu. Nikakumbuka rundo la tope pembeni ya atelie. Tangu Oktoba lilikuwa limekaa, limenyeshewa, limeota majani, kuku wamelichakura. Sikuchimba shamba la mtu wala langu. Kisiwa hakina udongo wa kutoa. Nilichota ule uliokwisha kushuka wenyewe hadi kitandani kwangu.

Mwenye boti aliniuliza ndani kuna nini. Nilipomwambia alishika gunia, akalipima kwa mikono, akanitoza kama mihogo.

Mama alimimina gunia la kwanza kwenye karai mbele ya mlango. Alipiga goti juu ya lava, akaingiza mikono yote miwili hadi viwikoni, akakaa hivyo kwa muda. Kisha akaanza kuuvunjavunja na vidole, taratibu, akitafuta mawe. Hakuna. Akatoa mnyoo, mrefu, umejikunja kiganjani mwake. "Neema! Njoo uone." Neema alikuja na sare ya shule mkononi, amekuwa mrefu, nusura nisimtambue. Waliuangalia wote wawili, kisha mama akachimba tundu kwa kidole, akauweka ndani, akaufunika.

Tumepanda lengalenga karai tatu, na vitunguu kwenye gunia lililotobolewa pembeni. Mama anauliza boti inaweza kubeba magunia mangapi kwa safari moja. Rundo limebaki linanifika magotini. Kwa hesabu yangu ni tisa.